Siku Niliyovuta Breki ya Mkono Pale Haneti

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikuazima wala sikurithi, na kama hapa Ipagala bado kuna watu wanaoniita Mzee Ukaguzi nyuma ya mgongo wangu (na wengine usoni kabisa, wakiwa na kikombe cha chai yangu mkononi), basi leo nawaeleza jina hilo lilikotoka, ili mlipate kwangu badala ya kulipata kwa Mama Anjela wa hapo jirani, ambaye kila akisimulia huongeza mbuzi wawili waliokanyagwa. Mbuzi hawakuwapo. Mengine yote ni kweli.

Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka mingi, na kazi ya stoo humharibu mtu. Ukishinda maisha yako yote unahesabu vitasa na mabomba, ukijua kwamba kila anayeingia akikuchekea anataka kitu, mwisho unaanza kumtupia jicho hata mwanao akitoka jikoni. Marehemu mke wangu, Zaina, alikuwa akiniambia, "Baba Rehema, wewe hata malaika akija kuichukua roho yako utamwomba asaini kwanza." Mimi nilikuwa nacheka, nikidhani ananisifu.

Sasa, gari. Gari langu dogo la rangi ya maziwa liligoma Kondoa miaka minne iliyopita, kwenye matanga ya huyo huyo Zaina, nyumbani kwao. Likabaki uani kwa kaka yake, shemeji yangu Omari, mkulima wa alizeti na fundi wa kila kitu kidogo kidogo. Miaka yote minne hakuniambia hata mara moja kwamba linamzibia njia. Mwaka huu binti yetu wa pekee, Rehema, akapata mchumba, nikaona nilirudishe gari Dodoma, fundi wangu wa Mkonze alifufue, mwanangu apelekwe kwa mumewe ndani ya gari alilopenda mama yake. Na lazima mjue kwamba kwao Zaina mjomba si mgeni wa kualikwa kwa kadi, binti haolewi mjomba akiwa na kinyongo. Ndiyo maana asubuhi ile napanda basi la Kondoa Rehema alinishika mkono akasema, "Baba, nakuomba kitu kimoja tu. Usimkague mjomba."

Nikamwambia, "Mimi? Nimkague Omari?"

Nilipofika nikakuta gari limeoshwa. Gari bovu, lisilowaka, linaoshwa ili iweje? Tena matairi yamejazwa upepo, na magurudumu ambayo yalikuwa yameganda kwa kukaa miaka minne yalikuwa yanazunguka, maana Omari alilala chini ya gari siku mbili na mafuta na nyundo mpaka breki zikaachia. Mtu mwingine angesema ahsante. Mimi nilijiuliza anaharakisha nini.

Fuso ya kulibeba ilikuwa ya kijana mmoja wa pale pale, Shabani, dereva mwenye heshima (alinipa shikamoo mbili, ya pili nikaitilia shaka). Alirudi nyuma mpaka kwenye kingo ya udongo karibu na msikiti, wakatandika mbao, na watu waliotoka kuswali adhuhuri wakalisukuma gari likapanda kwenye fuso kama kigari cha mtoto. Mimi nimesimama pembeni nimefunga mikono, na nikamwona Omari anamnong'oneza Shabani sikioni. Waliponiona, wakanyamaza.

Kisha Omari akafunga buti, akanipa ufunguo. "Shemeji, buti utalifungua ukifika nyumbani, Rehema akiwepo. Njiani usifungue. Na jambo jingine, chonde, breki ya mkono usiiguse. Waya wake umeota kutu, nimeulegeza kwa shida, ukiuvuta hautarudi. Magogo ya kuzuia magurudumu na kamba vinatosha."

Usifungue, usiguse. Makatazo mawili kwa pumzi moja! Nyinyi wenzangu mngesikia ushauri. Mimi nilisikia wizi.

Tulipofika Haneti Shabani akasimama tunywe chai. Nikakataa kushuka, nikasema tumbo. Kumbe nafikiri: gari lisilowekwa breki ya mkono, likiwa juu ya fuso, si linaweza kuteremshwa popote pale mwenyewe akisinzia? Nikiwa bado napima hilo, Shabani akatoka mkahawani akiongea na simu, na upepo ukaniletea maneno yake waziwazi: "Ndiyo, mjomba Omari. Hajui kitu bado."

Hajui kitu bado! Aliporudi ndani kumalizia chai yake, mzee mzima na magoti yangu haya nikapanda kwenye bodi la fuso, nikaingia kwenye gari, nikaishika ile breki ya mkono kwa mikono miwili, nikaivuta mpaka ikalia. Nikashuka nimetulia kama mtu aliyefunga stoo Ijumaa jioni. Mpaka Mayamaya nilikuwa nakoroma.

Na hapo ningeishia ningepona. Lakini nilipoamka nikakumbuka kwamba stoo mzigo haupokelewi na mtu mmoja, unapokelewa na kamati, mbele ya mashahidi. Nikampigia balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Yohana, nikamwomba aje kushuhudia gari likishushwa. Balozi akamwambia Mama Anjela. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya tangazo. Kwa hiyo ule umati mnaousikia kwenye hadithi za watu niliualika mimi, kwa simu yangu.

Tukafika jioni, jua bado lipo. Balozi amewekewa kiti cha plastiki karibu na tangi langu la maji, Rehema anagawa ubuyu kwa jagi, watoto wa mtaa wako juu ya ukuta. Mimi nina karatasi mkononi yenye orodha ya vitu vya gari, nilivyovikumbuka kimoja kimoja. Shabani akairudisha fuso nyuma hadi kwenye lundo la kifusi lililokuwa mbele ya uwanja wangu, wakatandika mbao, wakafungua kamba, wakatoa magogo. "Haya, moja, mbili!"

Gari halikusogea.

Wakasukuma tena. Magurudumu ya nyuma yameganda kama yamepigiliwa misumari. Nikaelewa mara moja ni nini, nikajifanya naingia kukagua usukani, nikashusha breki kimyakimya. Mkono ulishuka, lakini waya, kama alivyosema Omari, haukurudi.

Shabani akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, breki ya mkono iliguswa?"

Wote wakanitazama. Kukiri kulikuwa neno moja tu, wenzangu. Lakini kukiri ni kusema kwamba niliwashuku, na nilishaita kamati. Nikasema, "Haijaguswa."

"Basi sielewi. Kondoa lilikuwa linateleza."

"Ndiyo!" nikadakia, na uongo wa kwanza ukauzaa wa pili. "Kondoa lilikuwa linatembea, hapa halitembei, maana yake kuna kitu kimechomolewa. Hawa wametoa beringi."

"Baba," Rehema akasema.

"Ngoja, mwanangu, hii ni ya wanaume." Nikampigia Omari, nikaweka spika, nikainyanyua simu juu ili balozi asikie vizuri. "Omari! Niko mbele ya balozi na mashahidi. Beringi zangu ziko wapi?"

Ikaja ile sauti yake ya taratibu, "Assalaam aleykum, shemeji. Mmefika salama?"

"Beringi, Omari."

"Shemeji, umevuta breki ya mkono?"

"Sijavuta."

Akavuta pumzi. "Haya. Rehema yupo hapo? Fungua buti."

"Nalifungua!" nikasema, nikapanda kifusi na ufunguo wangu. "Njooni muone matofali waliyonijazia badala ya vitu vyangu!"

Nikafungua. Hapakuwa na matofali. Palikuwa na redio ya gari, jeki, spana zangu, hata ile taa ya ndani niliyosahau kwamba nilikuwa nayo, kila kitu kimefutwa vumbi na kufungwa kwenye gazeti kisiguswe na panya. Vyote vilivyokuwa kwenye orodha, na viwili ambavyo havikuwamo. Juu yake ndoo ya asali, na juu ya ndoo, doti ya kanga za Zaina, zile alizovaa siku niliyomwoa, zimekunjwa na karafuu katikati. Kijikaratasi kimebanwa kwa pini: *Kwa Rehema, za mama yako. Mjomba.*

Rehema akazichukua akaziweka usoni, akashuka nazo kwenye kifusi bila kunitazama.

"Ndicho nilichokuwa nakuficha, mzee," Shabani akasema pole pole. "Mjomba Omari aliniapisha. Alitaka iwe ghafla." Kisha akalala ubavuni mwa tairi la nyuma, akapenyeza mkono na koleo, na sauti yake ikatoka kule chini: "Jamani, waya umekaza kama uzi wa zeze! Na kutu imebanduka sasa hivi tu. Huu umevutwa leo."

Macho yote yakarudi kwangu. Sikuwa na pa kuyapeleka yangu.

"Aliyeuvuta leo ni nani?" balozi akauliza, ingawa alijua.

"Ni mimi," nikasema. "Haneti."

Ni wakati huo huo Shabani alipoukata ule waya. Magogo tulikuwa tumeshayatoa, na hakuna aliyekumbuka kuyarudisha, kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi. Gari likaachia, likanipita ubavuni, likashuka mbao, likashuka kifusi kinyumenyume, tupu, buti wazi kama mtu anayepiga mayowe. Balozi aliruka (sijawahi kumwona mtu wa umri ule akiruka hivyo), kiti chake kikasagika, na gari likaenda kulala juu ya tangi langu. Maji ya wiki nzima, Dodoma hii hii mnayoijua, yakatiririka mpaka barabarani, majirani wakakimbilia ndoo kuyachota.

Mama Anjela, ndoo kichwani, akapita mbele yangu. "Mzee, hili ndilo lile lisilotembea?"

Simu ilikuwa bado mkononi, spika bado imewashwa. "Shemeji?" Omari akauliza. "Sauti ya nini hiyo? Kuna aliyeumia?"

Balozi akanipokonya simu. "Hajaumia mtu, ndugu yangu. Gari limeshuka. Beringi zote zipo."

Simu ikakatwa.

Nilimpigia siku tatu mfululizo, hakupokea. Ya nne nikapanda basi nikaenda Kondoa, nikamwomba radhi uani kwake, pale pale gari lilipokuwa limesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nitakuja kwa ajili ya mpwa wangu."

Na alikuja. Rehema aliolewa na mjomba wake amekaa pale anapotakiwa kukaa, kanga za Zaina mabegani mwa binti, gari lililofufuliwa na fundi likimngoja nje, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini Omari alikula kwangu akalala kwa balozi. Na asubuhi ya kuondoka, mbele ya wakwe, aliliweka begi lake miguuni pangu, akafungua zipu yote. "Kagua, shemeji, nipate kwenda."

Watu wakacheka. Mimi nilimtazama, na yeye hakuwa anacheka. Nikapiga magoti nikaifunga ile zipu bila kutazama ndani, nikalibeba begi mwenyewe mpaka stendi. Njia nzima alitembea hatua kumi mbele yangu. Alipokwisha kaa kwenye kiti chake akafungua dirisha. "Breki ya mkono umetengeneza?"

"Nimeweka waya mpya, shemeji."

"Usiivute sana," akasema, basi likaondoka.

Basi ndugu zangu, ile karatasi ya orodha niliichana, na sijaandika nyingine. Mtu akiniletea mzigo siku hizi naupokea kwa mikono miwili, nasema ahsante, naingia nao ndani. Na breki ya mkono naivuta kwa vidole viwili tu, kila siku, nikimkumbuka.