Vikombe Sita vya Susu

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu watu hawakuhesabiwa. Mawe yalihesabiwa, mapapai yalihesabiwa, hata siku za kungoja mvua tulizihesabu kwa vidole, lakini si watu. Susu, mama mzazi wa baba yetu, hakuvumilia kumwona mtoto akinyoosha kidole na kuanza: mmoja, wawili, watatu.

"Unamhesabia nani?" angeuliza.

Kwake, kuhesabu watu kulikuwa kama kutoa habari zao nje, na huko nje kulikuwa na kitu kilichokuwa kikisikiliza.

Kati ya namba zote, kulikuwa na moja isiyotajwa kabisa. Kwa Kikamba inaitwa muonza, yaani saba. Susu alikuwa mlokole; kila Jumapili alifika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Lakini saba aliiogopa kama alivyoiogopa kabla ya kubatizwa. Kuku akiangua vifaranga saba, Susu alisema ni sita na mwingine. Alituambia kwamba zamani mtu hakuchunga ng'ombe siku saba mfululizo; siku ya saba alishika zamu mtu mwingine. Kwa nini, hakueleza. Alieleza tu nani alipuuza, na kilichompata.

Tulikaa upande wa chini wa Mukuyuni, kwenye ukingo wa mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba shimo mchangani, unasubiri yajikusanye, kisha unateka kwa kikombe hadi mtungi ujae. Baba alifanya kazi Mombasa na alikuja kwa nadra. Mama aliuza mboga sokoni. Kwa hiyo aliyetulea mchana kutwa alikuwa Susu, na Susu, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu, alikuwa na njia yake ya kujua kama watoto wote wamerudi.

Alikuwa na vikombe sita vya bati, vya rangi ya bluu, vilivyobanduka ukingoni. Jioni alivipanga kwenye mkeka na kuvijaza uji wa mtama. Kila mtoto alichukua chake, akanywa, akakirudisha. Susu alipitisha mkono juu ya vikombe. Vyote vikiwa vitupu, moyo wake ulitulia. Kikombe kimoja kikibaki na uji, mtoto mmoja hajafika, na alisimama mlangoni kuita. Hakuhesabu mtu yeyote. Vikombe vilimhesabia.

Njia hiyo ilifaa tulipokuwa sita: sisi wanne na binamu zetu wawili. Kisha shangazi akapata kazi Nairobi, akamleta Kanini wake, mtoto wa miaka minne aliyekuwa na kichwa kikubwa na sauti ya mzee wa kanisa. Mama akasema ataongeza kikombe kutoka sokoni.

"Kikombe hicho hakiingii hapa," Susu akasema.

"Mtoto atanywea nini, mama?"

"Atakunywa na Muthama. Hao ni wadogo. Tumbo la hao wawili ni tumbo moja."

Mama hakukinunua. Mke wa mwana habishani na mama mkwe kwa sababu ya kikombe.

Muthama alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, na alikuwa ametimiza miaka mitano. Alikipokea kile kikombe cha nusu kama tusi. Kaka yetu mkubwa, Kioko, alimtania kila jioni: "Mzee Nusu, leo unakunywa upande gani?" Muthama alikuna mstari kwa msumari ndani ya kikombe, katikati kabisa, akamwonya Kanini asiupite. Kanini aliupita kila siku. Waligombana hadi uji ukapoa, kisha wakalala kwenye gunia moja wakiwa wameshikana.

Jioni ninayoikumbuka ilikuwa ya Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini milima ya Kilungu ilikuwa imezimwa na wingu jeusi. Kila mtoto wa ukingo ule anajua maana yake. Mvua inanyesha huko juu, na baada ya muda mto unashuka na maji kwa watu ambao hawajaona hata tone. Susu alisimama kwenye mteremko akaita kwa sauti yake kali: "Tokeni mtoni. Wote."

Tukatoka. Kioko alitangulia na punda aliyebeba mitungi. Mimi na dada yangu tulifuata, tukimvuta Kanini aliyekuwa akilalamika juu ya mwiba. Binamu zetu wawili walipitia njia ya juu kukusanya mbuzi. Sisi tulidhani Muthama yuko na mbuzi, kwa kuwa aliwapenda. Wao walidhani yuko nasi, kwa kuwa alimfuata Kanini popote. Yeye alikuwa amelala chini ya ukingo uliomomonyoka, mahali penye kivuli na mchanga baridi.

Tulifika mmoja mmoja, kama ilivyokuwa kawaida. Kila mmoja akachukua kikombe. Susu alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza bati likigonga bati. Kisha akapitisha mkono. Vikombe sita, vitupu.

"Asante Bwana," akasema. "Sasa mto uje."

Nimeirudia sentensi hiyo maisha yangu yote. Ilikuwa sala ya mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Jua lilikuwa bado halijazama Mama aliporudi kutoka sokoni. Alitua kikapu, akatutazama. Hakuhesabu. Alitutazama mara moja tu, kama mtu anayeingia nyumbani mwake na kuona kiti kimehamishwa.

"Muthama yuko wapi?"

Kanini ndiye aliyejibu. Aliinua kile kikombe chenye mstari, akakigeuza juu chini kuonyesha kwamba hakuna hata tone.

"Leo nimekunywa peke yangu," akasema, akajigamba kwa tabasamu.

Wakati huo ndipo tuliposikia mto. Haungurumi kama watu wanavyodhani. Unaanza kama lori linalopanda mlima mbali, halafu unagundua kwamba halipandi, linashuka. Mama alikimbia bila viatu. Kioko akamfuata. Susu alisimama, akakaa, akasimama tena, akaanza kuvigusa vikombe kimoja kimoja, kana kwamba kimoja kati yao kingemwambia kimedanganya wapi.

Walimpata kesho yake asubuhi, mbali sana chini, kwenye mizizi ya mkuyu. Mtu wa kwanza kumwona alimfunika kwa shati lake.

Kati ya uji na mto palikuwa na muda. Si mwingi, lakini ulitosha mtoto wa kuchunga mbuzi kushuka ule mteremko na kurudi. Kila mtoto angekuwa na chake, kikombe kimoja kingebaki na uji, Susu angeita, na Muthama angeamka, angekuja akijifuta mchanga, angetukanwa, angekunywa.

Kwenye mazishi mchungaji wa kanisa letu alihubiri juu ya namba ile ile. Alisema saba ni ukamilifu: Mungu alipumzika siku ya saba, kuta za Yeriko zilizungukwa siku saba, Naamani alijitumbukiza mtoni mara saba. Alipotaja mto, Mama aliinamisha kichwa. Mchungaji hakuona. Alikuwa na namba yake na ilikuwa inampendeza.

Wanawake wa ukingoni walikuwa na yao. Waliongea nyuma ya jiko bila kushusha sauti vya kutosha. "Si walikuwa hiyo namba? Mama mkwe alionya. Alikataa hata kikombe."

Miezi kadhaa baadaye Mama alinichukua hadi Emali, kwa mtu aliyetoka pwani, aliyekaa nyuma ya duka la magunia na kitabu cha falaki. Aliandika jina la Muthama na jina la Mama kwa herufi za Kiarabu, akaipa kila herufi namba yake, akajumlisha, akagawa kwa kumi na mbili, akasoma kilichobaki.

"Nyota ya maji," akasema kwa upole. "Mama, huyu alikuwa wa maji tangu kuzaliwa."

Mama alilia kwa namna ambayo hakuwa amelia makaburini. Nadhani ilikuwa nafuu. Mtu wa maji amekwenda kwenye maji, hakuna aliyemsahau.

Nilipofika chuo nilitafuta habari za namba kama wengine wanavyotafuta habari za ugonjwa uliowaua ndugu zao. Nilisoma kwamba watu wa Babeli walitazama juu wakaona jua, mwezi, na nyota tano zinazohamahama, wakapata saba, na saba ikawa takatifu kwa sababu macho ya binadamu yaliishia hapo. Wangekuwa na macho makali zaidi, wangeona nyingine, na leo pengine mchungaji angehubiri juu ya nane. Nilisoma juu ya Wagiriki waliosema kila kitu ni namba, na juu ya wale waliojumlisha herufi za majina ya wafalme wasiowapenda hadi jibu likawa baya. Niliijaribu hesabu ya yule mtu wa Emali. Niliongeza herufi moja, ambayo mwandishi mmoja angeiandika na mwingine angeiacha, na mdogo wangu akahama kutoka nyota ya maji hadi nyota ya moto.

Nilicheka peke yangu maktabani, kicheko kibaya. Nilikuwa nimethibitisha kwamba hakuna kitu ndani ya saba. Ni mawe matatu na manne. Haisikii, haingoji nje ya boma. Haikumuua Muthama, aliuawa na maji, na pia na watu wenye upendo waliokwepa neno moja hadi wakamkwepa mtoto.

Nikadhani kujua hivyo kungesaidia.

Susu alikufa akiamini kwamba alionya na hakusikilizwa. Sikumpinga. Jioni ya kwanza baada ya mazishi ya Muthama alipanga vikombe vyake, na kila mtoto akapata chake, hata Kanini. Kile chenye mstari. Susu alipitisha mkono, akasema kwa sauti, "Sita," na ndiyo mara pekee niliyomsikia akitusema kwa namba. Kanini alikunywa hadi kwenye mstari, akaacha. Susu alipopitisha mkono tena na kukuta uji, alikwenda mlangoni, akasimama pale, asijue amwite nani.

Sasa Mama ndiye susu. Kioko na binamu zetu wamemwachia watoto wao, maana kazi ziko Emali na Nairobi, na mto bado hushuka kutoka Kilungu. Desemba iliyopita nilimpelekea kikombe cha bati cha rangi ya bluu. Nilikuwa nimewahesabu wajukuu kimoyomoyo na nilijua ni cha ngapi. Yeye pia alijua.

"Asante, mwanangu," akasema. Akakiosha, akakitundika kwenye msumari.

Jioni aliweka sita mkekani. Wadogo wawili wakakaa pamoja, wakaanza kugombana.

"Mama," nikamwambia, "wape kila mtu chake. Wewe ndiye unayejua zaidi."

Alinitazama bila hasira. Macho yake nayo yameanza kuingia ukungu.

"Mwaka ule tulikuwa wangapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na Babeli, na Wagiriki, na herufi za Emali. Yeye alikuwa na kaburi moja, na kila kitu nilichokijua kilikuwa kidogo kuliko kaburi hilo. Imani ile ilimchukua mtoto, kisha ikamfanya mtoto yule yule kuwa shahidi wake, na shahidi huyo hawezi kuulizwa swali.

Kikombe kiko msumarini hadi leo, kikavu. Nikiwa nyumbani, jioni nakaa karibu na mlango na kuwahesabu watoto kwa midomo, bila sauti, ili Mama asinisikie. Nikiwa mjini hakuna anayewahesabu.