Moto wa Mama na Meli Iliyosimama

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupima hali ya hewa kule uwanja wa ndege wa Lubumbashi. Alisoma vipimo, akaandika mawingu ya namna gani yamepita, akarusha puto kubwa lenye kichombo kimefungwa chini yake. Majirani zetu wa Kenya, si nchi bali mtaa wetu, karibu wote watu wa kazi ya shaba, walimtania kila asubuhi. Miaka ile ya chama kimoja sote tuliitwa citoyen, yaani raia, basi walimpigia kelele toka mlangoni: "Citoyen, leo mvua itanyesha ao itanyesha kesho mu vitabu vyako?" Yeye alicheka nao. Mimi nilinuna, maana mume wangu nimtanie mimi, si wao.

Mwaka huo, wakati wa baridi na vumbi, ofisi yake ilimchagua aende kufanya kazi kwenye meli ya kigeni ya utafiti. Meli! Mtu ambaye hata Mto Lubumbashi aliuvuka kwa daraja. Alitueleza jikoni, mimi na mama yake, akatumia sufuria yangu iliyokuwa motoni. Bahari, alisema, juu ni ya moto na chini ni ya baridi, na ule umoto wa juu ndio unaopandisha mawingu. Nchi nyingi zinapeleka meli zisimame mstari mmoja katikati ya bahari, kila moja mahali pake, ziteremshe vipimo majini na kurusha maputo angani, usiku na mchana. Wanataka kujua kwa nini mwaka mmoja mvua ya nchi zetu inawahi na mwaka mwingine inachelewa mpaka mahindi yanakauka.

Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa Kilwa, si ile ya pwani, hii yetu ya Ziwa Mweru, na mambo ya maji hakukubali kufundishwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Na ile mayi iko na munyu, kweli?"

"Ni chumvi tupu, mama. Hainyweki."

"Ziwa kubwa vile, na bantu habakunywe? Aka! Utaniletea mu chupa. Nitaonja miye mwenyewe. Ukiwa unanidanganya, nitakuchapa, ata uko na ndevu."

Tulicheka wote watatu. Mume wangu akaondoka. Nyumba ikabaki na wanawake wawili, kwa kuwa Mungu alikuwa bado hajatupa mtoto.

Wiki zikapita. Siku moja mwenzake wa kazini alikuja kutuletea habari zilizofika ofisini. Alisimama mlangoni akisema kwa furaha, "Meli imefika. Imesimama mahali pake. Itasimama pale mwezi muzima, pengine kupita."

Mama alidondosha lungo la unga.

"Imesimama? Mwezi muzima? Yo! Imekufa pane!"

Mwenzake alijaribu kueleza, na mimi nikajaribu. Wapi! Katika mtaa wetu, kitu kikisimama mwezi mzima ni pane, kimeharibika. Lori la mjomba lilisimama, basi la kazini lilisimama, bomba la maji la barabara yetu lilisimama, na hakuna aliyetuambia vinafanya utafiti. Na kwao Kilwa, mtumbwi unaosimama katikati ya ziwa ni mtumbwi ambao maji yameukamata. Kabla jua halijazama, wanawake wa mtaa walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani kwetu kutupa pole. Mmoja alileta makala ya kuwashia jiko, mwingine unga.

"Imesimama kwa kupenda," niliwaambia. "Ndiyo kazi yenyewe."

"Nani banamulipa kwa kusimama?" jirani mmoja aliniuliza, na wote wakaitikia mm, mm, kwa huruma. Hasira ilinipanda mpaka shingoni. Lakini makala niliyapokea.

Kutoka siku hiyo mama hakuwa sawa tena. Miguu ilikuwa imeshaanza kumvimba, pumzi ilikuwa fupi. Sasa akaacha na kula. Kila asubuhi aliniuliza, "Banaitengeneza?" Nilieleza tena habari ya ule mstari, nikachoka kueleza, mwishowe nikawa namjibu tu, "Bado, mama, iko fundi moja." Hapo ndipo alipotulia na kukubali vijiko viwili vya uji.

Karibu na mwisho alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Bibi ya mutoto yangu, nikikufa, moto yangu asizime muntu mwingine. Aizime mutoto yangu. Umungoje, ata ile pane ikawie."

Nikasema ndiyo. Ungesema nini?

Alikufa kabla ya joto kali la mwisho wa kiangazi. Katika ukoo wao, siku ya kifo unawashwa moto uani, watu wanakaa nao mpaka kilio kiishe, halafu mtoto mkubwa anaumwagia maji. Baada ya hapo watu wanaoga na kurudi kwenye maisha yao. Mpaka umwagiwe maji, aliyekufa hajaagwa. Mtoto mkubwa ni mume wangu, na wa pili hakuna.

Tulitangaza redioni kama kila mtu alivyofanya. Ile komunike ilisikika mpaka Kilwa, maana watu walikuja na lori la samaki, wamejaa vumbi mpaka kope. Baharini haikufika. Ilibidi ofisi yake itume habari kwa mashine zao, na jibu likarudi kwa njia ileile: hakuna wa kushika mahali pake, hakuna chombo cha kumtoa, na meli ikitoka kwenye mstari inaacha pengo kama la jino, na kazi ya meli zote inaharibika. Mwisho aliongeza maneno yake mwenyewe: musizime moto, mungoje.

Baba mdogo wake alikasirika. Watu wamechoka, unga umekwisha, yeye mwenyewe atamwaga maji na mambo yaishe. Alikwisha inua ndoo. Nikakaa mbele ya moto, kitenge changu kikigusa majivu.

"Baba, unimwagilie miye kwanza."

"Huyu mwanamuke iko na kichwa nguvu!" alisema, akaiweka ndoo chini. Kesho yake wote waliondoka, na lori lao la samaki.

Hapo ndipo nilipojua upweke. Nyumba yenye moto wa kilio haichezewi. Jirani waliokuwa wanaingia kuomba chumvi na kuacha umbeya wakawa wananisalimu wakiwa barabarani. Sikushikana mkono na mtu, sikwenda harusi, sikusuka nywele. Nilipika bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja, na bukari ya mtu mmoja haina ladha, jamani, hata uweke samaki gani. Nilichochea kigogo cha ule moto, nikazungumza nacho. Nilimsimulia mama habari za mtaa, nani kaachika, bei ya makala imepanda tena. Nililia pia, kwa sauti, mchana kweupe, na hakuna aliyekuja kuniuliza, kwa sababu kwenye kilio watu hulia. Nilimkumbuka mume wangu kwa hasira. Bahari niliiona kama mke mwenza, mkubwa, tajiri, asiyemwachia hata siku moja aje alale kwangu.

Kisha mvua ikaja. Iliwahi mwaka huo, na ilikuja na upepo. Nilikimbia na malata mawili ya bati, nikayaegemeza juu ya matofali, nikajikunja chini yake pamoja na moto, moshi ukiniingia machoni, maji yakinitelemka mgongoni. Na nilijua, kwa sababu alinieleza mwenyewe na sufuria yangu, kwamba huenda maji haya yanayotaka kuuzima moto wa mama yake yalipanda kutoka baharini. Yeye alikuwa kule anayapima. Mimi huku yananipiga. "Pima na hii!" nilipiga kelele juu angani. Mbwa wa jirani ndiye aliyenijibu.

Moto haukuzimika. Kila mvua tulijikunja pamoja.

Alirudi asubuhi moja, mweusi kwa jua, mwembamba, na mfuko mmoja begani. Alisimama uani. Akatazama malata, akatazama moto, akatazama juu mawinguni. Halafu, baada ya miezi yote ile, neno lake la kwanza:

"Mvua ilianza lini?"

"Uliza bahari yako," nikamwambia.

Akachuchumaa, akatoa kwenye mfuko shati lililoviringishwa, na ndani yake chupa imejaa maji masafi. Kizibo kikamshinda, nikakifungua mimi.

"Alisema atanichapa," alisema.

Nilimwonyesha moto kwa kidevu. Akamwaga polepole, mpaka tone la mwisho. Moto ulilia, moshi ukatufunika, na mtu yule mzima akakaa kwenye majivu akamwita mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni. Nikakaa naye.

Tulipokwisha oga, nilirudi peke yangu kuondoa malata. Mafiga yalikuwa bado ya moto, maji yamekauka juu yake yakaacha unga mweupe. Niliweka kidole, nikalamba.

"Njo vile, mama," nikamwambia. "Iko munyu. Hakukudanganya."