Jumba Lililokuwa Ndani ya Kanda

Ofisini kwetu kuna mashine ya faksi ambayo hakuna anayeitumia tena. Mara moja moja hupigiwa na mtu ambaye bado hajajua kuwa dunia imehama, nayo huanza kelele zake: mlio mwembamba wa kukwaruza, kisha ngurumo, kisha mlio tena. Wenzangu kazini huziba masikio. Mimi huacha ninachofanya nikaisikiliza mpaka mwisho. Ninyi mnaonisoma msinicheke, hiyo ndiyo sauti niliyokulia nayo.

Ilikuwa ikitoka kwenye redio kaseti ya shangazi yangu Zuwena, dada wa baba, katika nyumba yetu ya Wadi Kabir, Maskati, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shangazi alirudi kutoka Uingereza na sanduku moja la nguo na kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira. Kioo haikuwa nacho, ilichomekwa kwenye televisheni ya ukumbini. Mchezo wote ulikaa ndani ya kanda, kanda ya kawaida kama za taarabu, na ili uucheze ilikubidi uipige kwenye redio iliyounganishwa kwa waya na kompyuta, na kuiacha ilie mpaka iishe. Muda huo mimi sikuruhusu mtu kupita karibu. Niliamini kwamba hata gari likipiga honi kwenye gereji ya chini mchezo ungeweza kushtuka na kukataa kuja.

Ukija sasa! Kioo kilikuwa cheusi, kisha likachomoza jumba lenye vyumba chungu nzima, na mtu mdogo mwenye kilemba akitafuta funguo zake humo. Lakini uzuri wenyewe ulikuwa kwenye kuta. Kila chumba kilikuwa na nakshi yake, nyota ndani ya maua na maua ndani ya nyota, na mara nyingi niliacha mtu wangu afe kwa kuwa nilikuwa nazitazama kuta. Nakshi zile alizichora shangazi yangu.

Nilimfanya anisimulie habari za kampuni iliyoutengeneza mchezo ule mpaka nikazijua kama za ukoo wetu. Ilianzishwa na vijana wawili, mtu na kaka yake, katika chumba cha juu ya duka la baiskeli, kwenye mji wa kaskazini mwa Uingereza usiokwisha mvua. Waliandika mchezo wao wa kwanza kwa vidole vyao, wakanakili kanda moja moja, na mama yao ndiye aliyezitia kwenye bahasha kuwapelekea watoto walioandika kuomba. Shangazi aliingia pale kufunga bahasha tu, ajipatie riziki huku akisoma hesabu za biashara. Siku moja wale vijana wakamkuta, wakati wa chai, anajaza nakshi kwenye karatasi ya miraba. Bahasha zikaishia hapo. Masomo nayo, kwa bahati mbaya au nzuri, yakaishia hapo.

Kilichonistaajabisha mno ni ubanaji wao. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ndogo mno ndani yake, ndogo kuliko picha moja ya simu za leo, na jumba zima lilitakiwa lienee humo. Basi Shangazi alichora robo tu ya kila nakshi, na mdogo wa wale vijana akaifundisha mashine kuigeuza robo ile kulia, kushoto, juu na chini mpaka ua likatimia. Mpaka leo nikisikia watu wakilalamika kuwa hawana vifaa vya kufanyia kazi, nawakumbuka watu wale wa juu ya duka la baiskeli. Baadaye zikaja mashine mpya na makampuni makubwa, na kampuni ile ikafunga mlango wake kimya kimya. Shangazi akaja kwetu Maskati, akapata kazi ya kuchora maboksi ya biskuti kwenye kiwanda cha Rusayl.

Nyumbani, lakini, kulikuwa na Bibi.

Bibi, mama yao Shangazi na baba, alikuwa hodari wa kushona kofia za viua. Kutwa alikaa karibu na dirisha, miwani puani, anazungushia uzi vitundu vidogo vidogo vya kofia nyeupe, na watu walikuja kutoka mpaka Qurum kumwomba awashonee. Miguuni pake ndipo Shangazi alipojifunza kuhesabu vitundu akiwa mtoto Unguja. Lakini Bibi hakuwahi kukaa mbele ya ile televisheni. Shangazi alimwita, akamwita tena. Kila mara Bibi alijibu kuwa vibonzo ameshaviona, na siku akiwa na hasira alisema wazi, "Nilikupeleka ukasome, ukaenda kuchezesha watoto wa Kizungu." Shangazi alicheka, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na alichokitaka duniani ni mama yake akae dakika chache aone alichokifanya.

Sasa, enzi zile sisi tuliotoka Unguja hatukuandikiana sana. Tulisema ndani ya kanda. Bibi alikuwa na ndugu yake, Bi Rehema, aliyebaki Ng'ambo, kule Unguja, na hana simu. Bibi alijaza upande mmoja wa kanda kwa salamu na habari, akampa msafiri, na Bi Rehema alijibu upande wa pili. Kanda zilikuwa adimu nyumbani, kwa hiyo Bibi alichukua yoyote iliyolala. Aliisikiliza kwanza, asije akafuta Kurani, kisha akaziba kwa karatasi vile vishimo viwili vya juu ili ikubali kurekodi.

Mtakuwa mmeshajua ilivyokuwa. Shangazi alirudi kutoka Rusayl, akatafuta kanda yake, akatafuta chini ya makochi, na Bibi akamwambia bila kuinua macho kwenye kofia, "Ile mbovu? Nimeisikiliza, inalia tu. Nimemrikodia Rehema, imeondoka asubuhi."

Nililia kana kwamba nimefiwa. Shangazi yeye alikaa kitako kwanza, halafu akaniambia kwa sauti ya kujituliza kuwa mchezo ulirikodiwa pande zote mbili. Labda Bi Rehema safari hii hatakuwa na la kusema. Nilijua hata mimi, mtoto, kwamba Bi Rehema hajawahi kukosa la kusema.

Kanda ilirudi baada ya wiki nyingi. Tulikaa ukumbini sote tukamsikiliza Bi Rehema akieleza goti lake, harusi ya jirani, kisha goti tena. Akaaga. Na baada ya kuaga kwake ukasikika mkia wa mchezo, kelele za kitambo kidogo tu, halafu kimya. Shangazi alibaki ameitazama redio.

"Hayo ndiyo mambo yako?" Bibi akauliza.

"Yalikuwa, Mama."

Bibi aliangalia uso wa mwanawe. Akachomeka sindano kwenye mto, akaiweka kofia pembeni. "Hebu nambie mlikuwa na nini humo."

Shangazi akaleta karatasi ya miraba. Akachora robo ya nakshi, na Bibi akaivuta karatasi karibu na miwani. Akasema hii ni yake, ya kwenye kofia zake. Shangazi akasema ndiyo, ni yako. Bibi akataka kujua robo tatu zimekwenda wapi, akaelezwa jinsi mashine ilivyozigeuza, akatikisa kichwa kwa kuwastahi vijana wale, akauliza kama walikuwa wakila vizuri kwenye baridi ile. Kisha akataka chumba cha pili, na cha tatu. Chai ikapoa. Adhana ya alasiri ilipolia walikuwa bado vichwa vimegusana, na Bibi alikuwa ameweka ncha ya sindano kwenye mraba mmoja. "Hapa ungelipunguza tundu, ua lingepumua." Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka.

Nilimkasirikia sana Shangazi siku ile. Mchezo wetu umekufa, naye anacheka.

Miaka ya elfu mbili, Bibi akiwa ameshatutoka, nilikuta mtandaoni makala ndefu ya Waingereza wanaoipenda kampuni ile. Walieleza chumba cha juu ya duka, wale ndugu wawili, mama na bahasha zake. Mchezo wenyewe ulikuwepo, mtu yeyote aweza kuucheza. Walizisifu kuta zile kuliko kitu kingine chochote, kisha wakaandika kwamba aliyezichora hajulikani. Nikaendesha gari mbio hadi nyumbani kwa Shangazi, nikamfungulia makala na mchezo kwenye kompyuta yangu, nikamwambia tuwaandikie usiku huu huu jina lake.

Akacheza kidogo. Akapita chumba cha kwanza na cha pili, vidole vinakumbuka. Halafu akanirudishia kompyuta yangu, na ndipo nilipoelewa kicheko cha siku ile.

"Waache," akasema. "Niliyetaka ajue alijua."