Mwalimu Aliyefumua Lesi Yangu

Mwalimu alivuta uzi mara moja, na lesi niliyoshona wiki nzima ikafumuka yote mbele ya darasa.

Haikuwa na kosa hata moja.

"Rudia, Mama Simel. Na mkono wa kulia."

Wasee, niliskia kutoroka.

Ni darasa la jioni hapa Kitengela. Mwalimu Eunice anatufunza krosheti, lesi za vitambaa vya makochi na za gauni za harusi. Mwisho wa darasa anachagua mmoja wa kumsaidia na oda zake. Hiyo kazi unafanyia kwa nyumba, na mimi niko na mtoto wangu Simel, bado ananyonya. Niliitaka vibaya.

Shida ni moja. Mimi hutumia kushoto.

Style ya Mwalimu ni moja pia. Unakaa kando yake, unaangalia mkono wake, unanyamaza. Ukiuliza, anafumua. Ukishika sindano na kushoto, anafumua hata kama umepatia.

"Huyu akikutembelea, ficha sweta ya mtoto," Adero wa benchi yetu akaninong'oneza.

Nilijaribu mkono wa kulia. Vidole vikakataa kabisa. Jioni moja nikachoka.

"Mwalimu, nifunze ama uniambie niende."

Akaniita nikae kando yake.

Kando yake nilikuwa nimelaza Simel, kwa hivyo nikakaa mbele yake, tukiangaliana. Kutoka hapo, mkono wake wa kulia ulikuwa upande wangu wa kushoto, kama kwa kioo. Nikamfuata tu na kushoto. Lesi ikatoka safi.

Nikangoja avute uzi.

Hakuvuta. Alihamisha sindano yake kwa mkono wa kushoto, akajaribu kushona. Lesi ikatoka imelegea kama ya mtu wa siku ya kwanza.

"Mimi pia nilizaliwa hivi," akasema polepole. "Mwalimu wangu alinipiga vidole na rula mpaka nikahamia mkono wa kulia. Nilidhani nakusaidia, mum."

Nilikuwa bado na hasira.

Kazi alipewa Adero. Oda zilikuwa zimefika, na mimi nilikuwa nimemaliza muda wangu nikirudia.

Lakini darasa jipya limeanza na nimerudi. Siku ya kwanza Mwalimu aliuliza, "Nani hutumia kushoto? Akuje akae mbele yangu."

Tulisimama watatu.

Ukifunza mtu, usimpitishe penye uliumizwa ukidhani hayo ndiyo masomo.