Homa ya Gari Jekundu

Mtaa mzima wa Cheyo ulisema geji ya lile gari la mbio, aliloliacha Mzungu mmoja baada ya uhuru, hupima homa ya dereva. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, niliamini. Siku moja nililiazima ili kesho yake niende Bukene kujitambulisha ukweni; kuliwasha, mshale wa geji ukaganda kwenye nyekundu. Nani angempa mgonjwa binti? Nikameza klorokwini za kutosha wodi nzima, mshale haukutikisika.

Nikamwita fundi, mzee wa mtaani. Akaufuata waya wa geji mpaka kwenye kihisi chake, ubavuni mwa injini. Ulikuwa umechubuka, unagusa chuma. Akauzungushia utepe, mshale ukashuka.

“Kwa hiyo nimepona, mzee?”

“Hukuugua, mwanangu. Geji hiyo inapima joto la maji ya injini.”