Mama Gia, Dereva Aliyepeleka Kigari Mbele ya Kamati

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mama Gia analizunguka lori lake kwa miguu kabla ya kulipanda. Anapiga tairi moja moja teke jepesi, anafuta kioo cha kulia kwa kitambaa, anafuta cha kushoto, kisha anarudi tena kwenye cha kulia kana kwamba kimemkosea adabu. Wapakiaji wake wawili wanamsubiri nyuma ya lori wakipiga miayo.

"Mama, hicho kioo kitaisha," mmoja anamtania.

"Kiishe, tutanunua kingine. Binadamu hana spea," anajibu, anashika chuma cha mlango na kupanda.

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na sita kati ya hiyo ameitumia kuendesha malori ya taka. Jina la Mama Gia alipewa mwaka wake wa kwanza kazini, pale lori moja lenye gia mbovu, lililowashinda madereva wanaume watatu, lilipomtii yeye.

Hii ni wiki yake ya tano tangu arudi barabarani. Kabla ya hapo alikaa nyumbani wiki kumi na moja kwa nusu mshahara, akituhumiwa kumvunja mtu mguu kwa uzembe. Kilichomrudisha kwenye usukani ni kigari cha chuma kisichofika shubiri moja.

Nyumbani kwake, sebule ni karakana ya watu wawili. Upande wa mlango iko cherehani ya mumewe, fundi nguo. Upande wa dirisha iko meza ya Mama Gia: drili ndogo ya mkono, vipande vya msasa, brashi nyembamba kama sindano, na chupa za rangi zilizopangwa kwa ukubwa. Ukutani kuna rafu tatu zenye vigari sitini na vitatu. Hakuna hata kimoja kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani.

"Kaka zangu walikuwa na vigari, mimi nikiambiwa nishike mdoli," anasema. "Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa udereva nikaenda dukani. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Muuzaji akaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia, huyo mtoto ni mkubwa mkubwa."

Kuviweka tu rafuni hakukumtosha. Siku hizi huvinunua vilivyovunjika, kwa wauza vitu vya mitumba, kwa bei isiyofika nauli yake ya kwenda na kurudi kazini. Hutoboa riveti za chini, zile pini zinazokishikilia kigari, akatenganisha bodi na chasi, akailoweka bodi kwenye dawa mpaka rangi ya zamani inabanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Hapo ndipo kazi inapoanza. Gari dogo la abiria hukatwa paa likawa la kubebea mizigo. Basi hupunguzwa urefu. Magurudumu hubadilishwa, taa zikapakwa rangi kwa ncha ya kijiti cha kuchokolea meno.

"Nilioa dereva, nikaletewa na gereji," anasema mumewe bila kuinua macho kwenye cherehani.

Ajali ilitokea Jumatano, saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka vizuri. Mama Gia alikuwa anarudi rivasi kwenye uwanja wa dampo, karibu na mizani ya magari, ili amwage mzigo. Wapakiaji walikuwa wameshashuka, wako upande wa pili wakifungua ndoano za turubai. Aliangalia kioo cha kulia. Hakuona mtu. Akarudi.

Kisha akasikia ukelele, na kiganja kikipiga bodi.

Aliyegongwa ni karani wa mizani, mwanamume wa makamo ambaye kwa miaka tisa wamekuwa wakisalimiana kila siku. Alikuwa ametoka kwenye kibanda chake kufukuzia karatasi iliyopeperushwa na upepo. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili chini ya goti.

"Nilishuka nikamkuta ameshika mguu, ananiangalia," anasema Mama Gia. "Hakunitukana. Heri angenitukana."

Ripoti ya kwanza ilikuwa na maneno machache: dereva hakuangalia kioo. Akaambiwa akae nyumbani asubiri kamati.

"Siku ya kwanza nilikuwa na hakika kwamba niliangalia. Siku ya nne nikaanza kujihoji. Je, niliangalia, au nimezoea tu kusema niliangalia? Au nilimwona, na akili ikakataa? Mtu anaweza kujidanganya, bwana, tena akajiamini."

Siku ya pili baada ya ajali alikwenda hospitali kumwona karani. Alifika mpaka mlango wa wodi, akageuka. Wiki tatu zikapita bila kugusa brashi. Rangi aliyokuwa ameifungua ikakauka ndani ya chupa.

Mumewe anakumbuka vizuri kipindi hicho. "Ananiletea chai, anasahau kuweka majani. Nakunywa maji ya moto hivyo hivyo. Ungemwambia nini?"

Mabadiliko yaliletwa na mteja wa mumewe. Mwanamke mmoja alikuja kujaribu gauni lenye mabega makubwa ya kusimama. Akajigeuza mbele ya kioo aone mgongo wake ulivyokaa. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kisha akalalamika: "Fundi, haya mabega yananiziba. Sioni nyuma."

Mama Gia, aliyekuwa amejikunja kwenye kiti karibu na dirisha, akainuka.

Alikumbuka mbawa. Miezi miwili kabla ya ajali, malori yote ya kampuni yalichomelewa bati pana kila upande kule nyuma, ili taka zisidondoke barabarani. Madereva waliziita mbawa na kuzicheka, ila hakuna aliyelalamika.

Jioni hiyo alishusha rafuni lori moja la zamani, lililotengenezwa kwa uwiano wa moja kwa hamsini. Yaani sentimita mbili za mezani ni mita moja ya uwanjani. Alilikata nyuma, akalitengenezea sanduku la taka kwa bati la kopo. Akatengeneza mbawa mbili na kuzifunga kwa skrubu ndogo za miwani, ili ziweze kutolewa na kurudishwa. Akachonga vioo vya pembeni. Akamkunja karani kwa waya, akamvisha nyama ya gundi.

Vipimo vilikuwa kazi nyingine, maana yeye hakuruhusiwa kukanyaga dampo. Mmoja wa wapakiaji wake alikubali kwenda kupima lori na uwanja kwa tepu ya fundi nguo. Tepu hiyo ina mita moja na nusu tu. Akawa anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, huku watu wa dampo wakimuuliza anamshonea nani suruali.

Jumapili mchana kila kitu kilikuwa mezani. Mama Gia alimwomba mumewe uzi mwekundu. Angeuvuta kutoka kwenye jicho la dereva hadi kwenye kioo, na kutoka kwenye kioo hadi kwa mtu wa waya.

Mumewe alishika ncha moja, kisha akasita. "Na ikionekana ulikuwa unamwona?"

"Basi nitakwenda kumwambia mwenyewe," alijibu. "Sitangoja kamati."

Walianza bila mbawa. Uzi ulipita ubavuni mwa lori ukiwa umenyooka, ukamfikia mtu wa waya kifuani. Wakafunga mbawa. Uzi ukagonga bati.

Wakazitoa, wakazirudisha. Mama Gia akamsogeza mtu wa waya hatua moja mbele, hatua moja nyuma. Alirudia mara saba. Kila mara mbawa zilipokuwepo, mtu hakuwepo.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Sikulilia kazi. Nililia kwa sababu sikuwa nimejidanganya."

Na mumewe alisema nini?

"Alinisubiri nimalize, akaniambia, mke wangu, huo uzi sasa nirudishie, nina suruali ya mtu."

Kamati ya watu watano ilikutana kwenye ofisi ya dampo. Mama Gia aliingia akiwa amekumbatia ubao wenye uwanja wa dampo uliofunikwa kwa kanga. Alipoufunua, mwenyekiti aliuliza kama kikao kimegeuka chekechea. Wawili wakacheka. Afisa usalama wa kampuni hakucheka. Alivua miwani, akapiga magoti sakafuni na suti yake, akaweka jicho usawa wa kebini ya lori.

"Zitoe hizo mbawa," alisema. Zikatolewa. "Zirudishe." Zikarudishwa.

Akasimama, akapangusa magoti, akaomba funguo za lori lenyewe.

Wote walitoka hadi uwanjani. Afisa usalama alipanda kwenye kiti cha dereva, na tarishi wa ofisi akasimamishwa mahali alipogongwa karani.

"Aje basi huyo mtu, asimame!" afisa alipaza sauti kutoka juu.

"Nimeshasimama, mzee!" tarishi akajibu kutoka nyuma ya lori. "Nakupungia mkono!"

Afisa aliangalia kioo tena, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Sisi tulifikiria taka za barabarani," anakiri leo. "Hakuna aliyepanda kwenye kiti akaangalia dereva anabaki anaona nini. Ile aibu ilikuwa yetu."

Wiki hiyo hiyo mbawa zilikatwa kwenye malori yote saba. Mama Gia alifutiwa tuhuma ya uzembe. Hata hivyo alipewa onyo la mdomo kwa kurudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza, nalo halipingi. "Hilo ni langu, nalibeba. Siku hizi pasipokuwa na mtu nyuma, sirudi hata sentimita. Wanipigie honi mpaka zikauke."

Siku ile ya kamati alirudi nyumbani saa nane mchana, akajilaza na viatu vyake. Aliamka kesho yake asubuhi. Mumewe anasema mara mbili aliweka kidole chini ya pua yake kuhakikisha anapumua.

Kisha akafanya lile lililomshinda mwanzoni. Alikwenda nyumbani kwa karani wa mizani, na ubao wake mkononi. Karani alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Alitazama lori, akatazama kibanda chake kidogo, akamwinua mtu wa waya kwa vidole viwili.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, kaka."

"Mbona umenikondesha hivi, dada? Ajali ilivunja mguu, haikula kitambi."

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mama Gia. "Miezi miwili na nusu nilikuwa sijacheka."

Karani sasa yuko kibandani kwake tena, akitembea na gongo. Anasema hakuwahi kuwa na kinyongo. "Mimi mwenyewe sikuliona lori. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Yeye haoni, mimi sioni. Niliposikia ana kesi niliumia, lakini ningesema nini wakati sijui alichokiona kule juu? Afadhali alijua kuchonga bati."

Kampuni imemwomba Mama Gia atengeneze uwanja mkubwa zaidi wa mezani, wenye malori matatu, wa kufundishia madereva wapya kabla hawajakabidhiwa funguo. Amekubali, na ameomba apewe miezi miwili. Ana ndoto ya kuwakalisha vijana hao mmoja mmoja, waweke jicho mahali pa dereva, na wamweleze kwa sauti wasichokiona.

Lakini hilo bado hajalianza. Mezani kwake wiki hii kuna kigari cha mashindano alichokikata paa, kimepakwa rangi ya chungwa mara ya pili, kinangoja kukauka. Amekitafutia magurudumu manene ya nyuma ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, hayana maana yoyote.

Hiki nacho ni cha kumfundisha nani?

Mama Gia anakipuliza vumbi taratibu, anakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakuna," anasema. "Hiki kinapendeza tu."