Jina Langu Chini ya Kiraka

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, baada ya swala ya adhuhuri, nilipoandika jina langu chini ya kazi ambayo sikuisoma yote. Nilikuwa kijana, fundi wa programu katika karakana ndogo ya kompyuta pale Kigoma mjini, na nilijiona nimefika.

Karakana yetu ilitumia umeme wa jua. Betri zilikuwa chache, na diski za kompyuta zilizinyonya kwa kuzunguka hata pasipo na kazi. Mwenzangu Ezekieli, mwenyeji wa Mwandiga, akaandika kiraka, yaani marekebisho machache ya draiva, ile programu iliyo ndani kabisa ya mfumo ambayo huipa diski amri. Kiraka chake kiliilaza diski ilipokuwa haina kazi, kikaikatia umeme, kisha kikaiamsha ilipohitajika. Fikra nzuri, alhamdulillahi. Lakini desturi ya kazi ile ni kwamba kiraka hakiingii kwenye mfumo mpaka mtu wa pili akisome mstari kwa mstari, akijaribu, kisha aandike chini yake: fulani amekipitia.

Mtu wa pili nilikuwa mimi.

"We Mmanyema, bado tu?" Ezekieli akanitania. "Unasoma kiraka au unahitimisha msahafu?"

"Nakuamini, Muha wangu. Wewe hukosei."

Nilikuwa nimesoma sehemu ya kwanza, ya kuzima kompyuta nzima, nikaiona safi. Sehemu ya pili, ya diski kulala yenyewe, sikuifungua. Nikaandika jina, na siku ileile kiraka kikaingia kwenye kompyuta zetu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mwanangu, nami sikuinama.

Kesho yake nilikwenda Rusimbi kwa mama na kinasa sauti cha kuazima. Mama alizaliwa ng'ambo ya ziwa, naye alikuwa wa mwisho katika ukoo wake kuyajua kwa moyo majina ya babu zake, kizazi juu ya kizazi, pamoja na dua aliyofundishwa na baba yake.

"Sema taratibu, mama," nikamwambia.

"Wewe ndiye unyamaze. Hicho kidude kisije kikabeba porojo zako kikawaacha wazee wangu."

Alisema kwa muda mrefu. Nilirudi karakana, nikaihamishia sauti yake kwenye diski, kompyuta ikaniambia imekwisha. Nikafuta kilichokuwa kwenye kinasa ili nikirudishe kwa mwenyewe.

Sasa, diski ina tabia yake. Hupokea vitu kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kama mtu aliyeshika mzigo mkononi, ndipo huviandika mahali pa kudumu. Kwa hiyo draiva lazima iiambie kwanza, "Andika ulichoshika," ingoje jibu, ndipo iikatie umeme. Katika ile sehemu ya pili, Ezekieli alikuwa ameisahau amri hiyo. Diski ililazwa na mzigo ukiwa mkononi.

Nilipoifungua sauti ile, nilimsikia mama akisema, "Bismillahi, naanza na baba yangu," kisha kimya mpaka mwisho.

Nikajiambia nitarudi kurekodi wiki ijayo. Mama hakuifikia wiki ijayo. Homa ya siku mbili tu. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake ndiko marejeo.

Baada ya arobaini, Mzee Rashidi, mkuu wa karakana yetu, alituita sote wawili. Ezekieli alikuwa akilia. "Kosa ni langu, Mzee. Mimi ndiye niliyesahau."

"Umesahau, ndiyo. Binadamu husahau, na ndiyo maana tukaweka mtu wa pili." Akanigeukia mimi, sauti yake ya chini. "Lakini wewe umetoa ushahidi wa jambo usilolishuhudia. Umekaa chuo cha Kurani tangu mdogo. Mtu wa namna hiyo anaitwaje?"

Jina lake nililijua, mwanangu. Shahidi wa uongo.

Amri iliyokosekana tuliiongeza pamoja, Ezekieli na mimi. Mistari minne tu. Nimekwisha kuzeeka sasa, na Mola amenipa zaidi ya nilivyostahili, lakini kila ninapomaliza kuswali huwaombea wazee wa mama kwa majina. Nafika la tatu, nakwama. Namwambia Mola, Wewe unawajua. Natosheka, wala sitosheki. Natamani kumsikia mama akiendelea.

Basi, ukipewa kazi ya mwenzako uipitie, isome mpaka mwisho na uijaribu kwa mkono wako. Usipopata nafasi, sema, "Bado sijasoma." Hiyo si aibu. Usiisamehe kazi ya rafiki kwa kuwa unampenda. Mapenzi ndiyo yanayokutaka uipekue, usimwache abebe peke yake kosa ambalo jicho lako lingeliona. Jina lako ni amana, usiliweke palipo na giza.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kusoma na ulimi wa kusema kweli, akukutanishe na marafiki wanaokubali kukosolewa, na akuachie wazazi wako mpaka ushibe maneno yao. Amina.